Magoti ya Mzee na Kalamu ya Dresa

Jumanne nilikuwa dispensari na mtoto wangu mwenye kikohozi. Mbele yangu aliketi mzee wa Makina, kijiji walikopewa viwanja askari wa zamani, naye mmoja wao. Mwezi uliopita alikuja hapo akilalamika kwamba magoti yanamzuia kusujudu. Dresa, mhudumu anayetibu hapo, hakumpa dawa ya kupaka. Alimwambia asimame na kuketi kitini mara kumi, bila kushika kitu, asubuhi na jioni.

"Nyama za paja ndizo zinazosaidia goti, mzee," dresa alimkumbusha. "Zikilegea, goti linabeba mzigo peke yake. Umefanya?"

Mzee aliitazama kalamu mkononi mwa dresa na karatasi iliyokuwa mezani. "Karatasi hiyo inakwenda wapi?"

"Inakaa hapa kabatini."

"Ndivyo walivyosema waliponipima kuingia jeshini. Kiwanja changu nilipewa kwa kuchakaa vitani. Ukiandika nina nguvu, watu wa serikali watasema nihame."

"Mimi nataka kuona magoti tu, mzee."

"Basi weka kalamu chini."

Dresa akaiweka. Mzee akakunja mikono kifuani, akasimama polepole, akaketi, akasimama tena. Nilihesabu mara kumi na mbili, wala hakuguna. Kisha akamsogezea dresa kalamu kwa kidole kimoja.

"Sasa andika: bado anaumwa."

Dresa alinigeukia kama anayetafuta shahidi. Mimi huona haya kusema mbele ya watu, lakini siku hiyo nilijibu upesi kwamba sikuona kitu, nilikuwa nikimpangusa mtoto pua. Hata sisi tunaishi Makina, kwa mama mkwe, na karatasi ya kiwanja chetu bado haijatoka.