Mikorosho ya Ukweni

Mjomba wangu alipiga simu asubuhi nikiwa nimeinamia cherehani yangu barazani, hapa Mkomaindo, Masasi. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, kwa hiyo alisema, "Mjomba, njoo. Njoo wakati bado naweza kusema," kisha akakata. Nilimpigia tena, hakupokea. Ndivyo alivyo mzee yule. Akishasema lake anaona simu imemaliza kazi.

Nilijua ananiitia nini. Sisi tunafuata ukoo wa mama, na mama yangu alikuwa dada yake wa pekee. Mtu akifa, mali yake haiendi kwa watoto wake wa kuwazaa, inakwenda kwa mtoto wa dada. Siku hizi wapo wanaofuata dini, wapo wanaofuata sheria, na wapo wanaofuata chochote kinachowafaa siku hiyo. Mjomba hakuwa na mashaka. Mpwa ni mimi, na asiyekuwapo na lake halipo, nikafunga cherehani.

Mali yenyewe ni mikorosho. Mjomba alitoka huku chini, upande wa Chiwata, akiwa kijana, akapanda juu kule Newala kuoa, akakaa ukweni kama walivyofanya wanaume wa zamani. Ardhi ya kule ni ya ukoo wa mke wake na itabaki kuwa yao mpaka kiyama. Lakini mkorosho una mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyeupanda. Ndiyo maana kwetu ukiazimwa shamba unaambiwa lima mihogo, lima mbaazi, lima kunde mpaka uchoke, ila usithubutu kupanda mti. Ukipanda mti umeshaingiza mguu. Mjomba aliruhusiwa kuingiza mguu kwa sababu wakwe zake walimpenda, naye akapanda shamba zima.

Sasa hebu fikiria mke wake. Amepalilia mikorosho ile tangu ujana wake, ameokota korosho mpaka mgongo umepinda, amekamua mabibo, ameanika, amepika. Na jirani yake, ua kwa ua, alifiwa na mume miaka michache iliyopita. Kabla matanga hayajapoa, wapwa wa marehemu walikuja na magunia yao, wakaokota msimu mzima huku mjane amesimama mlangoni anawatazama. Alibakiwa na udongo. Mke wa mjomba aliyaona yale kwa macho yake, na toka siku ile kila nilipokwenda kuwasalimia nilimwona ananitazama mikono, kama anatafuta gunia.

Nisijifanye malaika. Mikorosho ile nilikuwa naiwaza. Nina mabinti wanasoma, nina nyumba imefika kwenye linta ikasimama hapo, na nguo za kushona zinapungua kila mwaka kwa sababu watu wananunua mitumba. Njia nzima kwenye basi nilikuwa napaua nyumba ile kichwani.

Ukitoka Masasi kwenda Newala, majabali yanabaki nyuma, barabara inaanza kupanda, na ukifika juu mwezi wa sita unakutana na baridi ambayo watu wa chini hatuijui. Nilikuwa na shati tu. Nikachukua bodaboda kuelekea kijijini, upande wa Tandahimba, njia yote mchanga mwekundu, pikipiki inayumba kama mlevi wa uraka, pombe yetu ya mabibo. Dereva akanichekea, "Mzee, umekuja kwetu bila sweta? Umekuja kufa?" Nikamwambia aangalie mbele.

Lazima niseme ninavyokipenda kijiji kile. Hakuna lami, umeme uko kwa wachache, na ukitaka mtandao wa simu unatafuta mahali pa kusimama. Lakini sijaona watu wasafi kama wale. Viwanja vimefagiliwa mpaka unaona alama za fagio, mikorosho imefyekewa chini, na mgeni hasalimiwi akiwa amesimama. Na maji! Wanawake wa umri wa mke wa mjomba walikuwa wanashuka bondeni na kupanda ule mlima na ndoo kichwani, safari ya nusu siku. Sasa bomba lipo, na linatoa likijisikia. Hata hivyo mgeni akifika anawekewa ndoo nzima ya kuoga, tena ya moto. Mimi mtu wa mjini huwa naona aibu kuimaliza.

Jioni ile mke wa mjomba alinitengea ndoo, akanipikia ming'oko, vile viazi vya porini, akaipua na kunimenyea kama mtoto. Lakini hakunitania. Kwa kawaida, kwa kuwa mpwa ndiye mrithi, yeye huniita mume wake, anauliza mbona sijamletea kanga, na majirani wanacheka. Safari hii alisema tu, "Karibu, kula." Nilikula, nikaingia kulala.

Asubuhi tukakusanyika shambani. Kaka zake mke wa mjomba walikuwepo, na wazee wachache waliokuwa vijana wakati mikorosho ile ni miche. Ni desturi ya kule, nami naiheshimu kuliko mahakama nyingi: mwenye miti akiona siku zake zinapungua anaitembelea yote mbele ya watu. Chini ya kila mti anasema nani aliupanda. Mwenye haki ya kubisha anabisha papo hapo. Kama mrithi hakubisha, limekwisha, na haji mtu kuligeuza baadaye.

Tatizo lilikuwa miguu ya mjomba. Haimbebi tena. Shemeji yake mmoja, mzee mwenye mvi, ana pikipiki, basi wakampakia juu yake. Injini imezimwa, shemeji ameshika usukani mbele, mwingine anasukuma kwa nyuma, na mjomba amekaa na koti na kofia yake utadhani bwana harusi. Mke wake alitembea pembeni amemshika kiuno asianguke. Tukacheka wote, hata yeye.

Tukafika mkorosho wa kwanza, mkubwa, matawi yamelala chini. Mjomba akautazama, akasema kwa sauti ya watu wote, "Huu aliupanda mke wangu."

Wazee wakatazamana. Tukaenda wa pili. "Huu aliupanda mke wangu." Wa tatu vilevile. Nikaelewa. Kama miti yote imepandwa na mwanamke, juu ya ardhi ya kwao, basi mimi sina cha kurithi na hakuna gunia litakalokuja. Na alikuwa ameniita makusudi, kwa sababu bila mimi kuwepo na kunyamaza, maneno yake yasingekuwa na uzito. Nilihisi hasira imepanda mpaka masikioni. Bati zangu zote zilizoezekwa kwenye basi ziliruka na upepo. Mzee hakunitazama hata mara moja.

Aliyebisha hakuwa mimi. "Wewe mwanaume," mke wake alisema, "unasema nini? Huu nimepanda mimi? Mimi nilikuwa ndani nimejifungua. Shimo ulichimba wewe, na kaka yangu huyu alikuwa amekaa pale anakucheka jembe lako."

"Aliupanda mke wangu," mjomba akasema.

"Sitaki mti wa uongo!" Alikuwa amegeukia kaka zake sasa. "Niliopanda mimi ni ile ya kule karibu na njia, na kila mtu anaijua. Hii ni yake. Mpwa wake amesimama hapa, mtu mzima, mnataka nimwibie mchana?"

"Nyamaza, mama," mjomba akamwambia.

"Sinyamazi."

Shemeji aliyeshika pikipiki aliomba waamue haraka, mikono imechoka. Hakuna aliyecheka. Mwanamke yule alikuwa amekaa na hofu miaka mizima, usingizi umemruka kwa ajili ya miti ile, na sasa anapewa yote bure mbele ya mashahidi anaikataa kwa sababu haikuwa kweli. Nimeishi mjini na watu wanaogombania hata uchochoro wa kumwagia maji machafu. Sijawahi kuona kitu kama kile, na hasira yangu ilikwisha pale pale, nikabaki nampenda tu mama yule, na mzee wake mwongo pia.

Nikasogea mbele. "Wazee wangu, mwenye haki ya kubisha hapa ni mimi. Mjomba amesema mke wake ndiye aliyepanda. Nimemsikia vizuri, masikio yangu hayana kasoro. Sibishi."

Mke wa mjomba akafungua mdomo.

"Mama," nikamwambia, "na wewe haki ya kubisha huna. Huu ni urithi wetu sisi, niachie mimi."

Wazee wakasema, "Tumesikia." Mjomba akanitazama kwa mara ya kwanza, akaitikia kwa kichwa polepole, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. Tukazunguka shamba lote. Chini ya kila mti alisema maneno yaleyale, nami nikajibu yaleyale, na mke wake akatembea akilia bila kujifuta, mkono mmoja umeshika koti la mumewe.

Mti wa mwisho ulikuwa nyuma ya nyumba, si mkubwa, umekaa mahali ambapo wanaanikia vyombo. Mjomba akavuta pumzi aseme. Mke wake akamziba mdomo kwa kiganja.

"Huu hapana," alisema. "Huu ni wake, na akiondoka ni wa mpwa wake. Semeni mmesikia."

Nikaanza kukataa. Nikasema korosho za mti mmoja hazijazi hata mfuko, nitazifanyia nini, abaki nao tu.

"Sikupi korosho," akaniambia. "Watoto wangu ni wa ukoo wangu, wewe ni wa kwake. Huyu akishaondoka, kwenye uwanja huu hatabaki mtu wa kwao hata mmoja. Kama huna mti hapa, utakuja kufuata nini?"

Nilitaka kusema nitakuja kumsalimia yeye. Watu wote walikuwa wananisubiri, na mjomba juu ya pikipiki ananisikiliza, na kiganja cha mke wake bado kiko mdomoni mwake.

"Sijui, mama," nikasema.

"Basi chukua mti."