Wimbo wa Saba wa Madame Colette

Kufikia Alhamisi, Madame Colette huwa hana sauti tena. Ile anayokuja nayo Jumatatu huliwa yote na darasa lake la tatu, watoto themanini na ushee waliobanana kwenye madawati, huku mtaani Simi-Simi. Nyumbani mumewe akimuuliza jambo, hujibu kwa kichwa. Amechoka, jamani, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Kuzidisha anafundisha kwa wimbo. Amezaliwa Yanonge, kwa wavuvi, ambako baba yake alikaa nyuma ya mtumbwi na kutupa neno, wapiga kasia wakamjibu kwa pamoja. Kule neno la nyuma ni la mkubwa, mtoto haligusi. Colette naye husimama nyuma ya darasa. "Saba mara tatu?" Watoto hupiga madawati: "Ishirini na moja!" Ukipita barabarani utadhani wote wanajua. Hata yeye alidhani hivyo.

Kelele hizo zilimkera mkuu wa shule, papa Wenceslas. Alhamisi moja akaingia.

"Madame, hapa ni masomo, haiko chorale ya kanisa. Nitauliza mutoto moja. Akishindwa, bon, wimbo inaisha."

Colette aliogopa kweli. Vitabu hakuna, bila wimbo angewafikiaje wote hao?

Mkuu akamsimamisha Chimène, mwimbaji hodari kuliko wote. "Saba mara nane?"

Mtoto akaanza kulia.

"Tunaanzaka na mara moja, Directeur," alisema akilia. "Na mwenye kuanzaka ni Madame."

"Alors, aanze."

Colette akafungua mdomo. Pumzi ikatoka, sauti hakuna. Alisikia hasira, kisha uchovu ukaimeza hasira yenyewe. Akamshika Chimène mkono, akampeleka nyuma ya darasa, akamwacha pale anaposimama mwenyewe. Yeye akajibana kwenye nafasi ya mtoto, mikono juu ya dawati, akangoja kama wengine.

Chimène alisitasita. "Saba mara moja?"

"Saba!" Madawati yakalia. Wakapanda hivyo hivyo, sauti ya Chimène ikikomaa, mpaka mara nane. Hapo mkuu akainua mkono, darasa likanyamaza.

"Hamsini na sita," Chimène akajibu peke yake.

"Bon, wimbo inabaki," alisema papa Wenceslas, akatoka.

Chimène hakungoja ruhusa. "Saba mara tisa?" Colette alitaka kuinuka, kisha akalaza shavu kwenye dawati lililotetemeka kwa ngumi za watoto, akawaacha waendelee bila yeye.