Mama, Unaitwa Nani?

Jirani yetu hapa Kangemi, yule anayesomea kazi ya ambulansi, hatembei bila bendeji mfukoni. Ukimpa mkono, kabla hujamaliza kusema "habari," vidole vyake vinene vimeshatafuta mshipa na macho yameganda kwenye saa. Wapangaji wa ploti nzima ameshatufunga: mimi kichwa, Muchiri wa mlango wa pili goti, hata meza yetu ina bendeji mguuni. Na kila mara anaanza vilevile, kwa sauti ya upole ambayo si yake: "Unanisikia? Unaitwa nani?" Tunamcheka: "Kaka, si unanijua!" Yeye hacheki. Anangoja jibu.

Jumamosi Mama Zadock, mpangaji mwenzetu, aliteleza pale mferejini, kichwa kikagonga saruji, akalala kimya. Wanawake wakapiga mayowe. Jirani akaja mbio, akapiga magoti kwenye tope na suruali yake mpya ya bugaluu. "Mtu asimwinue!" Akamshika kichwa kwa mikono miwili kama amebeba mayai. "Mama, unanisikia? Unaitwa nani?" Kimya. Akauliza tena. Mama Zadock akafungua jicho moja. "Wewe kijana! Jana ulikula ugali kwangu, leo hunijui? Na nani alikufundisha kuuliza mama wa watu jina lake?"

Sijawahi kuona mtu akifurahia kutukanwa hivyo. "Akili iko!" akatutangazia, meno yote nje. "Endelea, mama, tukana tu!" Bado alikuwa amemshika kichwa, na vile vidole vinene vimeshatafuta mshipa shingoni.