Marahaba ya Kapteni Elia

Ipo asubuhi moja ya kiangazi ambayo nikiikumbuka naacha ninachokifanya, hata kama ni ugali uko jikoni. Ngoja nikusimulie, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa mvi zangu bado nazihesabu kwa vidole. Nimekutangulia kukosea, na nadhani hilo linanipa umri wa kutosha.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Matokeo yangu ya kidato cha nne mama aliyakunja akayaweka chini ya godoro, lakini nilikuwa na sauti inayosikika vizuri kwenye redio, na kwa sauti hiyo nikapata kazi kwenye uwanja mdogo wa ndege hapa Singida. Kampuni yetu ilikuwa na ndege ndogo tatu, zenye mkia wa njano. Nilipima mizigo, nilipima abiria (akina mama walikuwa wanavua viatu wakidhani watapungua), nilifukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia, halafu nikashika redio na kumwambia rubani upepo unatoka wapi. Ndoto yangu ilikuwa moja tu, kupanda. Kila siku nilikuwa naziona ndege kwa chini, matumbo yake tu.

Rubani wetu mkongwe alikuwa Kapteni Elia, mtu wa Kinampanda. Ndiye aliyenifundisha kwamba ndege inaporuka inataka upepo wa usoni, na ikishakuwa juu inataka upepo wa mgongoni. Alikuwa ananiita mama, kama wazee wa huku wanavyowaita mabinti.

"Siku nikipata kiti kitupu, mama," aliniambia, "nitakuzungusha mpaka Ikungi ulione bati la kwenu. Utalikuta dogo kama kipande cha sabuni."

Pale uwanjani zilikuwa zinatua pia ndege za kampuni nyingine, za mkia wa buluu. Rubani wao niliyemzoea alikuwa Kapteni Salum, kijana wa Manyoni, baba yake alifanya kazi reli. Kutua kwenye upepo wa ubavuni alikuwa amefundishwa na Kapteni Elia mwenyewe, kwa hisani tu, maana hawakuwa kampuni moja. Asubuhi wakikutana kwenye benchi letu, Salum alikuwa anavua kofia.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, baba. Leo umetua kama mtu, au kama gunia la vitunguu?"

Wanacheka, wanakunywa chai ya chupa moja, kila mmoja anakwenda zake. Siku hizo nazitamani mpaka leo. Harufu ya chai ya tangawizi ikichanganyika na ya mafuta ya ndege siwezi kuielezea, wala sijaisikia tena mahali pengine.

Halafu wenye kampuni wakaunganisha kampuni zote mbili. Kusema kweli, buluu walitununua. Ikaja orodha ya marubani, nani mkubwa na nani mdogo. Kwa marubani, mwanangu, orodha ile ndiyo maisha. Ndiyo inayosema nani anakaa kiti cha kushoto, ambacho ni cha kapteni, na nani anakaa kulia kama msaidizi. Ndiyo inayosema nani anapata likizo ya Krismasi au ya Idi, na nani anarudishwa nyumbani kwanza ndege zikipungua. Wakubwa waliandika kwamba marubani wa buluu watahesabiwa tangu siku walipoajiriwa, na wa njano watahesabiwa tangu siku ya kuungana. Kapteni Elia, aliyeanza kurusha ndege Salum akiwa shule ya msingi, akawa mgeni kazini. Akapangiwa kukaa kulia kwa kijana ambaye ni mwanafunzi wake mwenyewe.

Kesho yake Salum alivua kofia kama kawaida. "Shikamoo, Kapteni." Kapteni Elia akatazama bendera ya upepo. Salum akarudia. Mzee akanyamaza. Unajua huku kwetu shikamoo isiyojibiwa ilivyo, heri mtu akutukane. Ikawa hivyo kila siku. Wakiwa juu walikuwa wanasemeshana maneno ya kazi peke yake, kimo, mwendo, mafuta. Kwenye benchi zikaonekana chupa mbili za chai.

Na mimi ndiye niliyekuwa naziandaa zote mbili. Nilisikia ya huku na ya huko. Rubani mmoja wa buluu akisema, "Waambie wazee wako wakae kulia washike ramani," naenda kuwaambia. Wa njano wakijibu, "Wale wanatua kwa kumuomba Mungu," nacheka, nafikisha. Hakuna aliyenituma. Ila nilipenda, mwanangu, nisikudanganye. Nilikuwa mtu wa kupima mizigo, na ghafla makapteni wazima wakawa wananisogezea kiti na kuniuliza, "Wanasemaje wenzetu?" Shikamoo yangu kwa Salum nikaikata na mimi, nikajiona shujaa wa njano.

Sasa asubuhi yenyewe ndiyo hii. Salum alitua mapema akiwa njiani kwenda Mwanza; siku hiyo yeye na Kapteni Elia walipangiwa ndege tofauti. Hakukaa. Alinifuata kwenye mizani.

"Kapteni Elia anatua hapa saa tatu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Simu zangu hapokei. Naomba umwambie neno langu. Mimi na wenzangu wanne tumeandika kwa wakubwa kwamba orodha ihesabiwe tangu siku mtu alipoanza kurusha ndege, kampuni yoyote ile. Wakubwa wamesema watakaa waijadili, ila wanataka na jina la mtu wa njano, kabla ya saa sita leo. Akisaini yeye, wenzake wote watasaini. Mwambie apige simu makao makuu tu, wataandika jina lake. Utamwambia?"

"Nimesikia," nikamjibu. Si kwamba nilisema nitamwambia. Niliona ujanja huo wakati ule, na nikaupenda.

Kapteni Elia akatua. Zamu yake ilikuwa inaishia hapa. Akaketi kwenye benchi na begi lake, nikammiminia chai.

"Salum amepita?"

"Amepita."

"Amesemaje?"

Mwanangu, nilikuwa na neno lile mdomoni. Nilijiambia ni mtego, wanataka mzee asaini kitu asichokijua. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ni kwamba wakipatana, nani tena atanisogezea kiti?

"Hajasema kitu, Kapteni."

Akatikisa kichwa. Akatoa bahasha mfukoni, akaiweka juu ya paja. "Hii ni barua ya kuacha kazi. Nilijiambia nisubiri mpaka saa sita. Labda mmoja wao atakuwa na neno."

Akakaa. Saa nne ikapita. Mbuzi wakaingia uwanjani, nikawafukuza taratibu kuliko siku zote, nisirudi haraka pale kwenye benchi. Saa tano. Alikuwa anatazama upande wa Mwanza, kiganja juu ya macho. Mara mbili nilisimama mbele yake, na mara mbili nikamuuliza kama niongeze chai. Saa sita kamili akanikabidhi ile bahasha.

"Itume, mama. Na ile safari ya Ikungi, nisamehe." Akabeba begi, akapata gari la kwenda Kiomboi, njia ya kwao Kinampanda.

Jioni Salum akarudi. Alishuka ndege haijanyamaza vizuri.

"Ulimwambia?"

Nikatazama chini. Nilitegemea anifokee. Alikaa kwenye benchi, mahali palepale pa mzee, akasema polepole, "Maneno ya kuumiza uliyabeba yote, na hakuna aliyekutuma. Hili moja nililokuomba ndilo limekuwa zito?"

Bila jina la Kapteni Elia wenzake hawakusaini, orodha ikabaki ileile, na marubani wa njano wakatawanyika mmoja mmoja. Benchi likawa pana.

Miaka ikaenda. Mwaka huu, baada ya mavuno, nikapanda basi mpaka Kinampanda. Nilimkuta anapiga alizeti kwa fimbo mbele ya nyumba yake, amepungua mwili, macho yaleyale.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mama. Bado una sauti ya redio."

Nikamweleza yote kabla sijakaa, nikijua nikikaa nitakaribishwa uji na nitashindwa. Aliendelea kupiga alizeti. Halafu fimbo ikasimama.

"Nilikaa pale mpaka saa sita," akasema.

"Nilikuona, Kapteni."

"Ningesaini." Akafuta jasho. "Ila na mimi nilikuwa na mdomo, mama. Yule kijana alinisalimia kila siku. Miaka yote hii kinachonikaba si kile kiti. Ni ile salamu yake."

Juu yetu ikapita ndege, mbali sana. Sote wawili tukanyanyua vichwa, na hakuna aliyemcheka mwenzake. Ilipopotea akauliza, "Namba ya Salum unayo?"

"Ninayo."

"Basi mpelekee."

Sikuuliza apelekewe nini. Nilipiga nikiwa stendi ya Kiomboi, kidole kimoja sikioni kwa sababu ya kelele za wapiga debe.

"Shikamoo, Kapteni Salum. Ni mimi wa redio ya Singida. Nina ujumbe kutoka Kinampanda."

"Endelea."

"Kapteni Elia anasema marahaba."

"Rudia ujumbe," akasema, kama wanavyosema hewani.

"Kapteni Elia anasema marahaba."

"Nimepokea," akasema, na sauti haikuwa ya kapteni tena.

Mimi sijapanda ndege mpaka leo. Bado nanyanyua kichwa kila ikipita, na bado naamini ipo siku nitaliona bati la mama kwa juu, kwa hiyo usinihurumie sana. Ninachokuomba ni hiki. Ukifika mahali ambapo watu wawili wamegawana chupa za chai, na wewe ndiye unayepita katikati, neno baya likikufikia lifie kwako. Lakini zuri likimbize mpaka lifike, hata kama kesho hakuna atakayekusogezea kiti. Usilipime wala usijiambie ni mtego, aliyeletewa neno ataamua mwenyewe. Na akikusalimia mtu ambaye moyo wako umemfungia mlango, mjibu. Ugomvi endelea nao baadaye kama bado unautaka.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe upepo wa usoni siku ya kuruka na wa mgongoni siku zote za safari, na popote utakapotua, umkute mtu wa kukuitikia.