Shamba la Bwana Shamba Kule Misungwi

Nilistaafu ukunga mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwezi haukuisha nikawa mwanachama wa chama cha wastaafu. Sikuomba. Hakimu mmoja mstaafu, ambaye mkewe nilimzalisha mara nne, alikuja nyumbani kwangu Mabatini amevaa suti ya kijivu, akaniambia chama kinahitaji sauti ya akina mama. Nilipofika kwenye mkutano wa kwanza nikagundua kwamba sauti hiyo ilihitajika jikoni. Nikakaa, nikaagiza soda, nikawaambia nimepokea watoto miaka thelathini na moja, sasa sitaki kupokea sahani. Baada ya hapo tulielewana.

Tulikuwa kumi na wawili. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikutana kwenye nyumba ya wageni kule Mkuyuni, chumba cha chakula chenye madirisha yanayotazama ziwa. Tulikula kwanza, wali na samaki na mchicha, kisha mmoja wetu alisimama kutoa mada, na wengine wakasinzia kwa heshima. Hakimu ndiye alikuwa mwenyekiti. Alikuwa na nyundo ya mbao aliyoondoka nayo mahakamani, na aliigonga hata alipotaka kuomba chumvi.

Nchi ilikuwa imefungua milango. Maduka yalijaa sabuni za kila rangi, na sisi tuliozoea kupanga foleni kwa kipande kimoja tulisimama mbele ya rafu hatujui tuchague ipi. Mada ya "Mstaafu na Soko Huria" ilitolewa mara nne, na watu wanne tofauti, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuuza muhogo.

Wa tano angekuwa Bwana Shamba, lakini yeye hakuhitaji zamu. Alizungumza kila mwezi. Alikuwa Mjita wa kule Mara, mrefu, mwenye kofia ya pama, na alikuwa amefanya kazi ya ofisa kilimo katika wilaya zote zinazozunguka Mwanza. Sasa alikuwa na shamba lake Misungwi, na shamba hilo tulilijua kuliko nyumba zetu. Tulijua mistari ya nyanya, kabichi kubwa kama kichwa cha mtu mzima, kisima kisichokauka. Kila mkutano alikuja na kikapu, akagawa nyanya mbili mbili na kusema, "Onjeni matunda ya jasho."

Mimi jasho hilo nililiona kwa macho yangu. Jumamosi moja asubuhi nilimkuta sokoni Mkuyuni ameinama juu ya fungu la nyanya, anachagua kama anayechagua mchumba. Aliponiona alinyooka.

"Dada, nachunguza ushindani," akasema.

Mchana ushindani huo huo ulikuwa ndani ya kikapu. Nilichukua mbili zangu nikashukuru. Mkunga hufundishwa mapema kufunga mdomo. Katika mtaa wangu najua mtoto yupi hafanani na baba yake na kwa nini, na sijamwambia mtu.

Kilichomponza ni mwalimu mmoja wa hesabu, mstaafu pia, mtu mwema asiye na hila yoyote. Alipendekeza chama kifanye ziara ya mafunzo shambani Misungwi. Wote wakaafiki. Bwana Shamba akasema ni wazo zuri sana, ila mvua. Mwezi uliofuata barabara ilikuwa mbaya. Mwezi wa tatu shangazi yake alifariki. Mwezi wa tano shangazi akafariki tena.

"Huyu shangazi si tulimchangia kabla ya Pasaka?" Hakimu akauliza.

"Huyu ni mdogo wake," akajibu Bwana Shamba.

Hakimu akagonga nyundo na kupanga siku.

Tulikwenda kwa magari mawili ya kuazima. Nilikuwa nimejiandaa kuona kichaka, au kusikia kwamba daraja limekatika. Badala yake tulifika kwenye shamba zuri ajabu. Nyanya zilikuwa zimefungiwa kwenye miti, kabichi zimekaa kwa mistari kama wanafunzi wakaguliwapo, na katikati kulikuwa na kisima chenye mfuniko wa mbao. Bwana Shamba alikuwa ametangulia. Alisimama langoni na fimbo mkononi, kofia imepigwa brashi. Pembeni yake alikuwa mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, jembe begani.

"Huyu ndiye msimamizi wangu," akatuambia.

"Shikamooni," yule mama akasema.

"Marahaba," tukaitikia wote.

Nikaanza kujuta kwamba nilimfikiria vibaya mzee wa watu. Kisha akaanza kutoa somo.

"Nyanya hizi," akasema akinyoosha fimbo, "nilizihamisha kutoka kitaluni zikiwa na wiki mbili."

"Nne," akasema yule mama.

"Nne, kutegemea mvua. Sasa hizi kabichi hazijaonja samadi. Mbolea ya kisasa tu, ndugu zangu."

"Samadi ya ng'ombe, mikokoteni sita," akasema mama, kwa upole tu, kama mtu anayemtoa mwenzake mdudu begani. "Niliisambaza mwenyewe."

Mwalimu wa hesabu, ambaye alikuwa anaandika kila kitu, akafuta mstari akaandika upya. Bwana Shamba akaongeza mwendo, akatuongoza kisimani. Akasema alipofika hapa palikuwa pakavu, na kwamba alichimba kwa siku ishirini mpaka maji yakatoka.

Safari hii yule mama hakumsahihisha mara moja. Alishusha jembe begani kwanza.

"Kisima alichimba marehemu mume wangu," akasema. "Hicho naomba usikiseme."

Hakuna aliyeandika. Hakimu akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Nilimwona akirudi kazini.

"Mama, naomba nikuulize. Shamba hili ni la nani?"

Yule mama akamtazama Bwana Shamba, ambaye alikuwa anatazama ndani ya kisima. Kisha akatutazama sisi.

"Leo ni lake," akasema. "Kesho ni langu."

Nakiri kwamba nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tuta, na mwalimu wa hesabu akanipa maji akidhani ni jua. Baadaye tulielezwa kwamba Bwana Shamba alikuwa jirani yake wa shamba, kwamba alimwomba shamba kwa siku moja kwa ajili ya wageni, naye akakubali kwa sababu ujirani ni ujirani. Alichoshindwa ni kusikiliza kilimo kibovu kikielezwa juu ya nyanya zake.

"Shauri limeahirishwa," akasema Hakimu. "Twende tukale."

Mama alikuwa ametupikia kuku wa kienyeji na ugali, pamoja na mlenda. Tulikula vizuri. Aibu ya mwenzako haifungi tumbo lako. Ni Bwana Shamba peke yake ambaye hakuja mkekani, na nilipomaliza nikaenda kumtafuta. Nilimkuta ng'ambo ya njia, nyuma ya ua wa minyaa, amesimama kwenye nyasi zilizomfika kiunoni.

"Hili ndilo langu," akasema.

Palikuwa na nyasi, kichuguu, na mpapai mmoja.

"Angalau una mpapai."

"Ni dume."

Nikauma midomo. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Msimu wa kwanza nililima pamba kama kitabu kinavyosema, dada. Nafasi nilipima kwa futi kamba. Huyu mama alikuwa anapita, anatazama, anakwenda zake. Yangu yote ikafa. Yake ikachanua mpaka ungedhani mawingu yameshuka. Watu wa hapa niliwafundisha kulima miaka mingi. Ningemwuliza nini?"

"Ungemwuliza ulikosea wapi."

"Ofisa hamwulizi mkulima."

"Wewe si ofisa tena."

Akairudisha kofia kichwani. Nilijua nimemuumiza. Maisha yangu yote nimewaambia watu ukweli wakiwa wamelala chali, na aliyesimama ni kazi nyingine kabisa, sikuisomea.

Mkutano uliofuata hakuja, na wa pili yake hakuja. Wanachama wakaanza kusema kwamba amekichafua chama, afutwe. Aliyesema kwa ukali zaidi ni Hakimu. Nikanyoosha mkono.

"Mheshimiwa," nikasema, "kitabu chako cha sheria unachoandika kimefika ukurasa wa ngapi?"

Kitabu hicho tulikuwa tunakisikia tangu chama kianze. Hakimu akatazama nyundo yake. Nikaona nisimwache peke yake pale, si haki. Nikawaambia na mimi kwamba ile hadithi yangu, kwamba wizara iliniomba niendelee nikakataa, ni ya uongo. Hakuna aliyeniomba. Macho yalikuwa yameanza kunishinda, mwaka wangu wa mwisho nilikuwa namwita nesi mdogo anitilie uzi kwenye sindano, na matron aliliona hilo kabla sijakubali mwenyewe. Sikuwahi kulisema kwa mtu. Nilipokaa, samaki aliyebaki kwenye sahani yangu hakunipendeza tena.

Kisha mwalimu wa hesabu akasema mtoto wake aliyeko Ulaya hapigi simu kila wiki kama anavyotuambia. Anapiga Krismasi. Hoja ya kumfuta mtu haikurudi mezani.

Wiki chache baadaye, asubuhi, yule mama wa Misungwi akabisha hodi kwangu. Siku ile ya ziara nilikuwa nimemwelekeza ninapokaa. Alikuwa na jani la kabichi lililotobolewa kama chujio, na chupa ya dawa ya wadudu.

"Shikamoo. Namtafuta yule mzee wenu," akasema. "Nimepiga dawa mara tatu, wadudu wananenepa tu. Maandishi ya kwenye chupa ni ya kigeni, siyajui."

Nikampeleka. Tulimkuta Bwana Shamba barazani na kikoi, anasikiliza redio, ndevu za wiki nzima. Alipomwona mgeni alitaka kuingia ndani. Mama akampa chupa kabla hajafika mlangoni.

Akaigeuza, akaisoma. Akafungua kifuniko na kunusa, akamimina tone kwenye kiganja na kulisugua kwa kidole. Nilimwona anarefuka.

"Hii si dawa," akasema. "Ni maji ya sabuni yametiwa rangi. Jina la kiwanda lenyewe wamekosea herufi. Umenunua wapi?"

Alivaa suruali, akachukua kofia. Tulifuatana naye watatu mpaka kwenye kibanda kimoja nyuma ya soko, ambako kijana muuza dawa alianza kwa kutuambia soko ni huria. Bwana Shamba alimweleza, kwa sauti ile ya mikutano ya hadhara, dawa halisi inanukaje, inachanganywaje, na mtu anayeuza maji ya sabuni anapelekwa wapi. Watu wakajaa. Mama akapewa chupa nyingine, na hiyo nayo ikanuswa kwanza.

Tukiwa njiani kurudi, yule mama akamwambia, "Mzee, njoo Alhamisi unionyeshe kuchanganya. Na mimi nitakuonyesha pamba yako ilikufa kwa nini."

"Kwa nini?"

"Njoo Alhamisi."

Akaenda. Akaenda na Alhamisi iliyofuata, na nyingine. Mkutanoni alirudi bila kikapu. Alisimama, akasema, "Ndugu wanachama, mimi sina shamba, nina nyasi, lakini nimeanza kuzikata." Hakimu akagonga nyundo, akasema taarifa imepokelewa, akaagiza maharage zaidi.

Mke wa Bwana Shamba hakuambiwa lolote kati ya haya. Alichojua ni kwamba mume wake, ambaye kwa miezi miwili mitatu alikuwa hatoki barazani, sasa anaamka alfajiri kila Alhamisi, ananyoa ndevu, na anakwenda Misungwi kwa mjane. Alikuja kwangu amefunga kilemba cha vita.

"Wifi, wewe ni mtu mzima mwenzangu. Usinifiche."

Nikamwambia aende akaone mwenyewe. Akaenda, bila kutoa taarifa. Jioni akapita kwangu, viatu vimejaa vumbi, akakaa akaomba maji. Alikunywa bilauri mbili kabla ya kusema neno.

"Nimemkuta anapalilia," akasema. "Amevua shati. Mjane anamfokea kwamba anakata mizizi, naye anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Tumeoana miaka thelathini na mitano, sijawahi kumwona akiinama."

"Ukafanya nini?"

"Nilisimama nyuma ya minyaa nikamtazama mpaka akamaliza mstari. Kisha nikarudi. Hajui kama nilifika, na wewe usimwambie."

Sikumwambia.