Siku Nilipombeba Baba Mkwe

Siku ambayo baba mkwe wangu alikataa kukaa kwenye mkutano wa kijiji naikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Nisikilize, mwanangu, maana naona siku hizi mtu akiugua mnampigia simu mwenye pikipiki, kisha mnarudi kulala.

Kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Nyantakara, kilikuwa bado kipya. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye migomba yetu na kupangwa mistari kama wanafunzi. Halafu ikaja vita ya Kagera. Malori yakachukuliwa, vijana wakaenda mgambo, na mume wangu Bosko akaenda nao. Kabla ya kuondoka aliniambia, "Yustina, nitunzie baba." Nikasema nitamtunza. Sasa niambie wewe, utamtunzaje mtu ambaye ukimwona anakuja lazima ujirushe vichakani?

Ndivyo mwiko wa mkwe ulivyokuwa. Mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hamtazami usoni, wala hatamki jina lake. Hata leo silitamki, na yeye alishazikwa zamani. Naye hasemi nami moja kwa moja. Akiwa na neno, analipitisha kwa mtu mwingine. Siku moja nilikutana naye njiani nikiwa na mtungi wa maji, nikaruka pembeni, nikatumbukia kwenye shimo la taka. Alipita huku akikohoa kwa adabu, kana kwamba hajasikia mtungi ukipasuka.

Basi kwenye mkutano ule watu wote walikaa chini, yeye akasimama akiegemea fimbo. Mwenyekiti akafurahi sana. "Mwigeni mzee huyu," akasema, "anasimama kwa heshima ya taifa!" Tukapiga makofi. Wazee wengine wakaona aibu, nao wakasimama. Kumbe maskini alikuwa na jipu kwenye kalio, kubwa kama yai la bata, na alikuwa amelificha hata kwa mkewe.

Aliendelea kulificha mpaka homa ikamwangusha. Mama mkwe alimkuta amelala kifudifudi, anatetemeka, anaita ng'ombe tuliowaacha kijiji cha zamani. Mguu wote ulikuwa umevimba. Mama akapiga yowe, majirani wakaja.

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya bonde. Kwetu mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, yaani machela ya kusukwa kwa fito na kamba, na kila nyumba ilikuwa katika chama cha kubeba. Ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake tulifuata nyuma na uji. Lakini siku ile wabebaji waliopatikana walikuwa watatu tu: mzee Saidi jirani yetu, katekista, na balozi wa nyumba kumi. Miti miwili ya ingobyi inataka mabega manne. Walisimama wakihesabiana, kana kwamba wa nne angeota hapo walipo.

"Mke wa Bosko ana mabega," mama mkwe akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Mgonjwa mwenyewe, pamoja na homa yake, akapata nguvu ghafla. "Saidi," akasema mdomo ukiwa kwenye mkeka, "huyo akishika mti, na mimi nimelazwa juu ya mti, si atakuwa amenigusa?"

"Na ardhi mnayoikanyaga wote wawili kila siku, mbona hujailalamikia?" mama akamjibu. Kisha akatugeukia sisi, na sauti ikabadilika. "Mwiko uliwekwa ili watu waishi kwa heshima. Akishakufa huyu, hiyo heshima mtampa nani?"

Nililia, sikufichi. Nilimwogopa mzee yule, lakini niliogopa zaidi Bosko kurudi na kuuliza baba yuko wapi.

Kukazuka ubishi mpya. Balozi alitaka nishike nyuma, kwa kuwa mbele kuna mteremko. "Nyuma?" mama akafoka. "Ayatazame makalio ya baba mkwe wake njia nzima? Mbele!" Kwa hiyo nikawekwa mbele na Saidi, kanga imenifunika kichwa, mgongo wangu kwa mgonjwa. Katekista akaomba, Saidi akasoma dua, tukaondoka.

Ee mwanangu, safari ile! "Saidi, mwambie huyo apunguze mwendo." Saidi anahema, "Mke wa Bosko, punguza." "Nimesikia." "Baba Bosko, anasema amesikia." Mzee Saidi alibeba mgonjwa begani na mazungumzo mdomoni, akitafsiri kati ya watu wawili wanaosema lugha moja. Tulipofika chini bondeni hakuwa na pumzi tena.

Kijito tulikivuka kwa magogo mawili, Saidi juu ya moja na mimi juu ya jingine. Baba mkwe alikuwa ameinua kichwa anachungulia mbele. "Saidi, mwambie... mwambie..." Saidi akafungua mdomo, kikatoka kikohozi.

"Yustina! Gogo limeoza! Rudisha mguu!"

Nikarudisha. Kipande cha gogo kikamegeka kikaanguka majini. Tungeanguka sote, na mgonjwa juu yetu.

Katekista alitaka kufanya ishara ya msalaba, akakumbuka mikono imeshika mti. Nami nikasema, bila kugeuka, "Abee, baba. Asante."

"Asante ya nini? Twende, nakufa huku!"

Bwana mganga wa zahanati alilipasua jipu, akamchoma sindano, akatuambia usaha ulikuwa karibu kuingia kwenye damu. Angelala nyumbani usiku ule tungemzika. Mama mkwe alipoeleza majani aliyotaka kumbandika, mganga hakucheka. Alimwomba asiyaweke kwenye kidonda, bali aendelee na maji ya moto, uji, na kumgeuza mgonjwa, kwa sababu kazi hiyo mganga peke yake asingeiweza.

Baadaye mganga alikuja mwenyewe kwenye kikao cha chama cha ingobyi. Alikaa chini nasi, akanywa togwa, akatuomba tumpelekee habari za wagonjwa wakiwa bado wanatembea. Wanawake wakakubaliwa kubeba. Na mwenyekiti akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo, mzee akisimama mkutanoni aulizwe kwanza anaumwa wapi.

Baba mkwe alipopona alinipa mbuzi mbele ya watu, kuuondoa ule mwiko kama desturi inavyoruhusu. Bosko aliporudi kutoka vitani alitukuta mimi na baba yake kwenye mkeka mmoja, tunamenya maharage na kubishana juu ya chumvi. Akasimama uani na mzigo wake kichwani, uso umempauka. "Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna aliyekufa," baba akamjibu. "Ndiyo maana unatukuta hivi."

Basi shika hili, mwanangu. Usione aibu ya ugonjwa. Sema mapema, hata kama unauma pale usipopenda kupataja. Uzima wa mtu haukai kwenye sindano tu. Unakaa pia kwa jirani anayeacha jembe lake aje akubebe, kwa anayekuombea, na kwa anayekupikia uji. Mpeni mganga nafasi katika mila zenu, nanyi mwombeni nafasi katika zahanati yake. Desturi ziheshimu, lakini ukiona desturi inataka kumzika mtu aliye hai, uliza wazee iliwekwa kwa ajili ya nini. Wazee wa kweli watakuambia.

Mungu akupe mabega yenye nguvu, na siku ukilala wewe, akupe watu wasiokuuliza wewe ni mkwe wa nani. Uishi mpaka wajukuu wako wachoke kukuamkia.