Salamu ya Batt Lucey

Mdogo wangu Batt Lucey alikuwa mtu wa kusalimia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililomuua, na waliomuua hawataki kulisikia mpaka leo.

Kwetu Coolnamadra, ukimkuta mtu kazini, awe analima viazi au anakanda mkate, unamwambia, "Mungu aibariki kazi." Naye anajibu, "Na wewe pia." Ukipita kimya, umemtakia mabaya. Ng'ombe wake akiharibu mimba mwezi huo, jina litakalotajwa ni lako. Wengine huinua kidole kimoja tu, yamekwisha. Batt hakujua kufanya hivyo. Aliacha alichokuwa akifanya, akainua juu chochote kilichokuwa mkononi, kofia, ndoo au sepeto, akasalimia kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Siku moja nilimkuta akiwabariki kuku waliokuwa wakichakura uani.

"Nao wako kazini, Gobnait," aliniambia. "Au wewe unadhani wanacheza?"

Mama alimzaa uzeeni, akafa kwa kifua mtoto hata hajaacha kunyonya. Nikamlea mimi. Nilipoposwa, yule mchumba, mtu wa bonde la pili mwenye ng'ombe wanono, alituma neno kwamba nije bila mtoto. Nikamjibu basi na yeye asije. Baba alipokufa tukabaki wawili, na shamba la mawe, na punda. Batt akawa mrefu, hodari wa sepeto, hana maana kabisa kwenye dansi. Alikuwa na kodiani na wimbo mmoja, nao hakuwahi kuufikisha mwisho.

Vita dhidi ya Waingereza vilipofika kwetu, vijana waliokuwa wakipigana walihitaji mahali pa kulala, na nyumba yetu iko juu karibu na mlima. Kapteni wao alikuwa Corney Herlihy, mtoto wa jirani yetu. Corney alilala kitanda cha Batt majira yote ya baridi, Batt akalala jikoni juu ya benchi. Alikula mkate wangu. Nilimfumia soksi kwa sufi ya kondoo wangu mwenyewe. Nayasema haya kwa sababu siku hizi kuna wimbo juu ya Kapteni Herlihy na mateso yake milimani, na ndani ya wimbo huo hakuna kitanda cha mtu.

Siku moja ya Kwaresima Batt alikuwa akizibua mtaro kando ya barabara. Hatukujua kwamba vijana walikuwa wamejificha chini darajani kuwavizia askari. Malori mawili ya Waingereza yakaja. Batt akainua sepeto akawasalimia, kama ambavyo angemsalimia ibilisi akimkuta na jembe. Lori la mbele likasimama. Injini yake ilikuwa inachemka. Dereva akaomba maji, Batt akamletea ndoo kutoka kisimani. Maji hayakusaidia, injini ikawa inakohoa, wakayageuza malori yote mawili wakarudi mjini polepole. Ni hayo tu yaliyotokea.

Lakini vijana walikuwa mbali. Waliona sepeto limeinuliwa, lori limesimama, maneno yamesemwa, malori yamegeuka.

Batt alirudi nyumbani anacheka. "Wana mabunduki ya kila namna, Gobnait, maji ya kunywa hawana. Dereva ameniomba kama mtoto mchanga."

"Usiwasalimie tena wale," nilimwambia.

"Nipite kimya kama mchawi?"

Wiki hiyo hiyo walikuja, sisi tuko mezani na viazi. Walikuwa wamefunga nyuso kwa vitambaa. Mmoja alisimama mlangoni. Mimi sikumtazama uso. Nilitazama soksi zilizokunjwa juu ya buti zake. Ilikuwa sufi yangu na mkono wangu.

"Njoo utujibu maswali kidogo, Batt," akasema mwingine. "Utarudi."

"Kaeni mle viazi kwanza," Batt akawaambia. "Bado vya moto."

Hakuna aliyekaa. Akavaa kofia yake, akatoka nao.

Hakurudi. Baada ya muda maneno yakaanza kuzunguka kwamba Batt Lucey alikuwa shushushu wa Waingereza. Majirani wakaacha kuingia kwangu. Padri alipita mlangoni akiwa juu ya farasi wake, akawa anatazama masikio ya farasi. Niliwaeleza habari ya ndoo ya maji, nikamweleza kila aliyesimama. Hawakusimama wengi.

Mwezi wa saba mapatano ya kusitisha mapigano yakatangazwa. Saa sita mchana bunduki zikanyamaza, kengele zikapigwa, na jioni watu wakawasha mioto vilimani. Vijana wakashuka wakiimba. Wengine ambao vita vizima walikuwa wamejificha kwa mama zao sasa walinunua buti mpya na mikanda ya ngozi, wakawa mashujaa wakubwa kuliko wote. Corney akawekwa kuwa mtu wetu wa kuzungumza na maofisa wa Kiingereza ili mapatano yasivunjike. Akapewa gari, na meza kwenye hoteli ya mjini. Nikaenda mjini kwa miguu.

Nilimkuta anakunywa chai na ofisa wa Kiingereza. Wale wale. Miezi michache nyuma angempiga risasi, sasa anampitishia sukari.

"Gobnait," Corney akasema akiinuka upesi. "Umetoka mbali."

"Nimekuja kumchukua Batt."

"Punguza sauti, dada yangu."

"Dada yako usingemfanyia haya. Nionyeshe alipo nimzike kwa mama yake. Sikuulizi nani alipiga. Nataka mwili tu."

Mwingereza aliona midomo inatikisika, hakusikia maneno. Akauliza kwa adabu, kikombe mkononi, "Mama huyu ana shida gani?"

Corney akacheka kidogo. "Kapotelewa na ng'ombe, bwana. Anadhani jeshi letu limemla."

Mwingereza naye akacheka. "Pole sana, mama. Natumaini atapatikana."

Nilisimama pale. Neno moja tu lingetosha. Ningemwambia yule ofisa kwamba hakuna ng'ombe, kuna mtu, na mwenzako unayekunywa naye chai ndiye anayejua alipofukiwa, na kesho yake askari wangekuja na mbwa wakapekua kila shimo. Nami ningekuwa kile walichosema Batt alikuwa. Corney aliyajua hayo yote. Alinitazama bila wasiwasi hata kidogo. Alijua sitasema. Alilalia uaminifu wangu kama alivyolalia kitanda cha mdogo wangu.

Akanisindikiza mpaka mlangoni. "Wakubwa wetu watakwenda London kuzungumza," akaninong'oneza. "Wakimaliza, kila kitu kitawekwa sawa. Sasa hivi habari kama hiyo ikiingia kwenye magazeti ya Waingereza, itaharibu yote. Unataka vita virudi kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Mtu mmoja ndiye niliyekuwa naye," nikamwambia.

Wakubwa wakaenda London. Mwezi wa kumi ukaja, na kila mtu aliyejua kusoma akawa anawasomea wengine gazeti njia panda. Mfalme atabaki au hatabaki, kiapo cha kumtii kitakuwa na maneno gani, wilaya za kaskazini zitakwenda wapi. Mimi niliwasikia nikipita na punda. Sikusikia hata siku moja mtu akisema kwamba leo mezani wameuliza habari za waliofukiwa.

Kwetu kuni hakuna. Tunachoma udongo mweusi wa kinamasi. Tunaukata kwa sepeto mwanzo wa kiangazi, vipande kama mikate, tunauanika, halafu tunaubeba nyumbani kabla ya mvua kubwa. Kila nyumba ina ukingo wake wa kukata, uliorithiwa kwa mababu, na hakuna anayegusa wa mwenziwe hata kama anakufa kwa baridi. Mwaka ule nilikata peke yangu, nikaanika peke yangu, basi nikawa wa mwisho kubeba. Siku moja nilikuwa nampakia punda, nikainua macho nikatazama kinamasi chote kwa mara ya kwanza tangu kiangazi.

Kila ukingo ulikuwa na uso mpya, mweusi unaong'aa, alama za sepeto zikionekana. Isipokuwa mmoja. Ukingo wa akina Herlihy ulikuwa umekauka, wa kahawia, nyasi zimeuinamia. Haukukatwa. Nao ndio ukingo bora kuliko yote, na ile ni nyumba ya wanaume wazima, na moshi wa nyumba yao haukukatika hata siku moja.

Nikamwacha punda amesimama, nikaenda moja kwa moja kwa mama yake Corney. Nilimkuta Bibi Hanora anasukasuka maziwa kutoa siagi.

"Mungu aibariki kazi, mama."

"Na wewe pia, mwanangu. Karibu ndani. Utakunywa chai?"

"Mbona mwaka huu hamkukata udongo wenu?"

Mkono wake ukasimama juu ya mpini. "Pamejaa maji."

"Pale juu? Pale kondoo hufa kiu!"

"Corney alisema tukate kwa binamu yake. Sikumuuliza kwa nini."

"Hukumuuliza."

"Wewe ungemuuliza?" akasema, akakaa. "Ni mwanangu, Gobnait."

"Na Batt alikuwa mtoto wa nani? Wa paka?"

Akajifunika uso kwa aproni. "Ngoja warudi kutoka London. Ameniahidi. Ngoja tu amani ipatikane."

Nikatoka bila kunywa chai yake, na kwetu hilo si jambo dogo.

Kesho yake nilikwenda na sepeto. Nikakuta vijana wawili wa buti mpya wamekaa juu ya ukingo, bunduki magotini, wanavuta sigara.

"Rudi nyumbani, mama," mmoja akasema. "Amri ya kapteni. Hapa hapachimbwi mpaka amani."

"Mnalinda nini?"

"Silaha."

"Silaha ina jina," nikawaambia. "Nililichagua mimi."

Hawakunitazama tena. Kila nilipokwenda niliwakuta wao au wengine kama wao.

Mwezi wa kumi na mbili habari zikafika kwamba mkataba umetiwa saini London. Nilisikia kelele kutoka njia panda mpaka uani kwangu. Nikajua kwamba vijana wale hawatavumilia kukaa kinamasini wenzao wakishangilia. Nikamfunga punda kwenye mkokoteni, nikaenda. Ukingo ulikuwa mtupu. Walikuwa wamekimbilia amani yao.

Si vigumu kuona mahali ambapo majani yamekatwa yakarudishwa. Nilichimba. Udongo ule hauozeshi. Kwanza niliona kofia, halafu nywele, halafu uso wa mdogo wangu, umegeuka rangi ya chai, macho yamefumbwa, kama mtu aliyelala jikoni juu ya benchi. Mikono walikuwa wameifunga nyuma. Nikaifungua.

Mtu alikuwa ameniona nikipita na mkokoteni, na gari la Corney lilifika nimeshamtoa nusu. Akaja mbio.

"Acha, Gobnait! Leo si siku yake. Watu huko chini wameanza kugombana, nusu wanautaka mkataba, nusu wanasema tumeuzwa. Ukimpitisha huyu leo—"

"Nipige risasi basi. Ah, nimesahau, mmesitisha."

"Nilitii amri."

"Ya nani? Wewe ndiye uliyekuwa kapteni. Alikupa kitanda, Corney! Aliwapa maji watu wenye kiu. Angekupa na wewe."

Nyuma yake mama yake alikuwa anapanda kilima, anapumua kwa shida, amebeba kifurushi. Akakifungua kando ya shimo. Lilikuwa vazi lake la kahawia la kuzikiwa, lile ambalo kila mwanamke mzee kwetu huliweka sandukuni likimsubiri. Halikuwa na hata kunjo moja, alikuwa ameshalipiga pasi. Akapiga magoti matopeni, akaanza kumfuta Batt uso. Nilimwacha. Tukamvika pamoja. Sikumwambia asante, wala hakuingoja.

Padri alikuwa ametuma neno kupitia Corney kwamba tungoje giza. Nilimpitisha Batt njia panda mchana kweupe. Kwetu maiti ikipita, lazima ugeuke utembee nayo hatua chache, hata kama ni ya adui yako. Waliokuwa wakishikana mashati kwa ajili ya mfalme na kiapo wakaachiana. Kofia zikavuliwa. Wakatazamana, kila mmoja akingoja mwenzake, halafu mhunzi akatoka akatembea nyuma ya mkokoteni, na wengine wakamfuata. Corney naye akatembea. Alifika mpaka langoni pa makaburi.

Pale nikamsimamisha mbele ya wote. "Sema. Sema hakuwa shushushu."

Alitazama watu, akatazama mama yake. Akaninong'oneza, "Nikisema tulikosea, wale wa upande wa pili watanimaliza. Si wakati wake, dada yangu."

Haujawa wakati wake mpaka leo. Batt amelala na mama. Corney sasa ni mtu mkubwa wilayani, husimama juu ya jukwaa akazungumza habari za damu iliyomwagika. Mashamba yetu yanapakana, kwa hiyo namwona. Namkuta analima, anazibua mtaro, anatengeneza ukuta, naye huacha kazi akasimama wima na kofia mkononi, akinisubiri nitamke maneno yale. Watu wakiwa karibu nao husimama wakatazama.

Napita kimya.